MALEZI YA WATOTO: Mtoto Akataaye Chakula



Katika mengi tunayoelezwa na wazazi wanapokuja kuwachukua watoto wao chuoni, moja hurudi kila mara: kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili hali. Akipewa wali hutema, akipewa mchicha hugeuza uso, na samaki hataki hata kumnusa. Lakini akiona biskuti au chai ya sukari hunyosha mikono yote miwili. Basi mama hulia, bibi hulaumu, baba hukemea, na chakula kikawa vita nyumbani mara tatu kila siku. Nasi hatusemi haya kama watazamaji, maana vita hivyo tumevipigana wenyewe, tena tukashindwa.

Mjukuu wetu aliletwa kukaa kwetu muda wa miezi mitatu, naye wakati ule alikuwa na umri wa mwaka na miezi tisa. Tulimwona mwembamba, tukaazimia arudi kwao amenenepa. Tukamfanyia kama tulivyofanyiwa sisi utotoni: mmoja alimlaza mapajani na kumshika mikono, mwingine akamnywesha uji kwa kiganja, huku mtoto akilia. Na kwa kuwa sisi ni watu wa chuo, hatukuacha kusema "Bismillahi" kwa sauti kabla ya kila funda. Siku moja mtoto alipaliwa akakosa pumzi. Tukampindua upesi na kumpiga mgongoni ndipo uji ulipotoka. Hayo yalitutisha. Lakini lililotuuma zaidi lilikuja baadaye. Kila lilipotandikwa jamvi na mtu akasema "Bismillahi", mtoto alianza kulia na kukimbilia mlangoni. Sisi tuliowafunza watoto wa watu neno hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, tulimfanya mjukuu wetu aliogope.

Tukampeleka kliniki. Muuguzi alimpima, akatufunulia ile kadi yake, akatuonyesha jambo ambalo twaona kila mzazi yampasa kulijua. Mtoto azaliwaye na kilo 3 kwa kawaida hukaribia kilo 9 atimizapo mwaka, yaani uzito wake huwa mara tatu. Ama katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili au tatu tu. Mwili uliokuwa ukikua mbio sasa waenda kwa hatua, na hamu ya chakula hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Leo atakula sana, kesho atalamba tu, na yote mawili ni maumbile. Mstari wa mjukuu wetu katika kadi ulikuwa ukipanda polepole pasipo kukatika. Wembamba wake ulikuwa wa ukoo, na atutazamaye sisi hatalitilia shaka neno hilo.

Kisha muuguzi akatuuliza: baina ya chakula na chakula mtoto hupewa nini? Hapo tuliona haya kujibu. Asubuhi chai, saa nne biskuti, adhuhuri juisi ya pakiti, na maziwa kutwa nzima kila aliapo. Akatwambia kuwa mtoto huyu si kwamba hali. Huletwa jamvini akiwa amekwisha kula. Maziwa yakizidi nusu lita kwa siku hulijaza tumbo lake dogo, tena humkosesha vyakula vyenye madini ya chuma, ambayo ndiyo yajengayo damu. Na chai, hata ikiwa nyepesi, huuzuia mwili usiyapate madini hayo kutoka katika chakula. Wangapi katika sisi humwachia mtoto chai na andazi, tukasema kuwa ameshiba?

Basi tuliondoa chai kabisa. Tukaweka nyakati tatu za chakula na mbili za kitu kidogo, kama ndizi, kipande cha papai au yai la kuchemsha. Na katikati ya nyakati hizo hapana ila maji. Tulimwekea vijiko viwili vitatu tu, akitaka zaidi ataongezwa. Maini, dagaa na kunde tuliviponda laini, tukakamulia ndimu kidogo au tukampa chungwa, kwa kuwa matunda ya namna hii huusaidia mwili kuyapokea yale madini ya chuma. Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula kizuri na kukileta kwa wakati wake. Ale kiasi gani, hilo tulimwachia mtoto mwenyewe. Wa nyumbani kwetu aliona tumekuwa wazembe, na siku tatu za mwanzo hatukuelewana naye sana.

Yafaa kujua pia kuwa katika umri huu watoto huviogopa vyakula wasivyovizoea, na huenda kimoja kikahitaji kuletwa mara kumi au zaidi kabla ya kukubaliwa. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Wengine husema, "Kula mchicha nikupe peremende," wakamfunza kwamba mchicha ni adhabu na peremende ndiyo malipo.

Yamo katika vitabu vya Bukhari na Muslim masimulizi tuliyoyasoma tangu ujana wetu bila ya kuyafikiri kwa jambo hili. Mshoni mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wa boga na nyama kavu. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utotoni, alikuwapo. Akamwona Mtume akiyafuata mapande ya boga pembezoni mwa sahani. Na Anas asimulia kuwa tangu siku ile akalipenda boga. Hakuna aliyemwamuru wala aliyemshika mikono. Aliona tu mtu ampendaye akila kwa furaha.

Tangu hapo mtoto hakulishwa tena peke yake pembeni. Tulimketisha nasi kwenye sinia, tukala boga tuliloungia nazi, wala hatukumwambia neno. Bismillahi tuliisema taratibu, kila mtu nafsini mwake.

Lakini sinia ina hatari zake kwa mdogo. Miiba ya samaki itolewe kwa vidole, si kwa macho. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, maana humpalia, zisagwe. Na asali asipewe kabisa asiyetimiza mwaka, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi. Na tusidhani kuwa kila kukataa ni tabia tu: mtoto apunguaye uzito, atapikaye mara kwa mara, avimbaye miguu, alaye udongo, au aliye mweupe wa viganja na mlegevu, huyo apelekwe kwa daktari bila ya kungoja.

Wiki ya tatu mjukuu wetu alitia mkono katika sinia, si upande wake bali upande wetu, akachukua boga, akalitafuna, akalitema, akatutazama. Tukaendelea kula. Siku ya pili yake alilimeza. Bismillahi ilichukua muda mrefu zaidi. Ilikuwa karibu mama yake aje kumchukua ndipo alipokuja mwenyewe jamvini na kusema "Mila," mkono umekwisha kufika kwenye wali. Mchicha hajaukubali mpaka leo. Huchambua jani moja moja akaliweka upande wa babu yake, nasi twalila.