Masika imeondoka, uwanja bado majeruhi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na jamaa yangu anayecheza beki wa kati kule Mlola, Lushoto. Hakutaka kujua Simba inamsajili nani wala Yanga inamuacha nani. Aliniambia, "Kaka, mvua zimekatika na mashindano yetu yanaanza Jumamosi. Njoo utuangalizie uwanja. Tucheze au tusubiri?"

Nilicheka kwanza. Mimi nina diploma ya uandishi wa habari, siyo ya kilimo. Lakini nikapanda gari Lushoto mjini, tukapita Magamba kwenye ukungu wa kufa mtu, nikafika Mlola na njumu zangu begani. Nimerudi na jibu, na naliandika hapa kwa sababu haliwahusu watu wa Mlola peke yao.

Ukiutazama kwa mbali, uwanja umependeza. Kijani kitupu. Masika ya Machi hadi Mei imeyanywesha majani mpaka yamelewa, na ukiupiga picha ukairusha kwa washkaji watakuuliza hapo ni Ulaya ipi. Tatizo linaanza ukiingia ndani.

Milimani ardhi ya tambarare ni dhahabu. Kule Usambara kipande kilichonyooka kimeshalimwa viazi, karoti au kabichi. Uwanja wa mpira mara nyingi unachongwa ubavuni mwa mlima, upande wa juu unakatwa na udongo wake unasukumwa upande wa chini. Mvua ikinyesha, maji ya mlima yanashuka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa pembeni. Uwanja niliouona ndivyo ulivyo. Winga wa upande wa mlimani anacheza kwenye jaruba la mpunga, mwenzake wa upande wa bondeni anacheza kwenye zulia. Halafu baada ya mechi sisi waandishi tunaandika kwamba winga fulani alikuwa mzito.

Tulifanya ukaguzi wetu wa kienyeji. Kipimo cha kwanza ni kisigino. Unakanyaga kwa nguvu, unainua mguu, unaangalia. Alama ikijaa maji, hapo hapachezeki. Cha pili ni msumari wa inchi 6. Unausukuma kwa kidole gumba, ukizama wote bila kubishana na wewe, ujue chini ni uji. Cha tatu ni mpira wenyewe. FIFA wanapopima nyasi bandia wanadondosha mpira kutoka urefu wa mita 2, na wanataka udunde kati ya sentimita 60 na 100. Mlola hakuna nyasi bandia, lakini kipimo kinasaidia jicho. Tulinyoosha mkono juu ya kichwa tukauachia.

Katikati ya uwanja mpira ulidunda ukapita goti kidogo. Safi. Pembeni upande wa mlimani haukufika goti. Kwenye lango moja ulitua puu ukabaki palepale, kama andazi lililoanguka kwenye unga. Ndani ya ile mita 5.5 ya kipa hapakuwa na jani hata moja, ni udongo mwekundu uliokandwa na visigino vya watoto ambao hawakusubiri mvua iishe. Nani wa kuwalaumu? Hawana pengine pa kwenda.

Sasa hapa ndipo watu wengi tunapokosea. Tunakagua majani. Majani ni jezi tu, mchezaji mwenyewe ni udongo. Udongo wa mfinyanzi una vijitundu vinavyopitisha hewa na maji. Ukiukanyaga ukiwa umelowa, watu 22 kwa dakika 90, vile vijitundu vinabanwa vinaziba. Mizizi inakosa hewa, inaoza. Mvua inayofuata haina pa kuingilia, inabaki juu. Jua likija kuwaka, ule ule udongo unakuwa tofali, mpira unaruka ovyo na kipa akidaka kwa kuruka anaumia nyonga. Kwa hiyo tope la Mei na vumbi la Septemba ni ugonjwa mmoja.

Na milimani ugonjwa huo unapona taratibu. Ukoka unapenda joto na jua. Mlola kuna baridi, na kuna siku ukungu hauondoki mpaka mchana. Sehemu ambayo Dar es Salaam ingefunika majani kwa wiki chache, kule inaweza kukaa upara mpaka mvua za vuli. Jumamosi moja ya haraka mnailipia miezi.

Hapo sijagusa miguu ya watu. Goti langu la kushoto lilikwisha kwenye mechi ya chuo kwa chuo, siku mbili baada ya mvua. Uwanja ulionekana umekauka. Njumu ilizama, mwili ukageuka, goti likabaki linatazama lilikokuwa linatazama. Hakuna aliyenigusa. Refa alipeta, na alikuwa sahihi. Tangu siku ile mimi ni mwandishi. Nina kazi na mshahara, sidai huruma. Ila kijana wa Mlola anayepanda mlima na gunia la viazi mgongoni akipoteza goti, amepoteza mpira na shamba kwa pamoja.

Wenzetu wa gofu wametuzidi mbali hapa. Nenda Lugalo au Gymkhana pale Dar es Salaam asubuhi baada ya mvua kubwa, utakuta mtu wa uwanja ameshazunguka kabla ya mchezaji wa kwanza. Kwenye gofu anayesimamia uwanja anaweza kufunga shimo moja, akazuia vile vigari, akahamisha kibendera kwenye sehemu ya muda ili ile iliyolowa ipumzike, na mabosi wenye pesa zao wanatii. Sheria zao zinamruhusu mchezaji ambaye mpira wake umetua kwenye dimbwi la mvua auhamishe bila adhabu, na ukichimbua kipande cha nyasi unatarajiwa kukirudishia. Kwetu beki anachimba handaki, anashangilia, anaondoka.

Msiseme hayo ni mambo ya vijijini. Aprili 9, 2025 Simba ilikuwa Kwa Mkapa ikiwa nyuma 2-0 dhidi ya Al Masry, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikashinda 2-0, ikapita kwa penalti 4-1. Wiki chache baadaye ikajikuta kwenye hesabu ile ile, nyuma 2-0 mbele ya RS Berkane, safari hii fainali. Ungedhani dawa ni ile ile, Kwa Mkapa na watu 60,000. Lakini eneo la kuchezea lilikaguliwa, lilikuwa limekula mvua, na CAF ikaipeleka mechi Amaan, Zanzibar. Mei 25 ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1.

Sisemi Simba ilinyimwa kombe na majani. Berkane walikuwa timu, na Amaan iliwapokea Simba vizuri. Ninachosema ni kwamba klabu kubwa ya nchi hii ilifika siku yake kubwa kuliko zote ikakuta nyumbani hapakaliki kwa sababu ya masika. Masika inakuja kila mwaka. Haijawahi kumshtukiza mtu. Na AFCON 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda.

Nirudi Mlola. Nilikaa na watu wa kamati ya mashindano, na niseme ukweli, hoja zao zina uzito. Vijana wamekaa bila mechi masika nzima. Jezi zimeshanunuliwa. Mgeni rasmi ameshapewa tarehe. Mavuno yakianza, nusu ya wachezaji watakuwa shambani, na mchezaji aliyeko shambani humpati kwa barua ya kamati. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tulicheza hapa hapa kwenye tope, na tuko hai." Nilimwitikia kwa heshima. Sikumuuliza wenzake wangapi waliacha mpira wakiwa na miaka 22, ingawa swali lilikuwa mdomoni.

Jibu langu kwao ndilo hili, na nalirudia mbele ya wasomaji wote. Jumamosi msicheze. Subirini wiki mbili bila kukanyaga ule upande wa mlimani na yale malango. Katika wiki hizo vijana wachimbe mfereji juu ya uwanja ili maji ya mlima yapelekwe pembeni, ni kazi ya majembe na siku moja ya msaragambo. Malangoni mchanga uchanganywe na udongo, usimwagwe juu tu kama chumvi. Mazoezi yahamie upande wa bondeni. Wiki mbili zikiisha msifungue kwa kuangalia kalenda, pimeni tena kwa kisigino, msumari na mpira. Na mashindano yakianza, mechi moja kwa siku, siyo tatu.

Mgeni rasmi je? Mpigieni simu. Atakuja siku nyingine. Goti halina siku nyingine.

Mwenye neno la mwisho ni refa. Sheria ya 5 ya soka inamtambua refa kuwa ndiye anayeamua kama hali ya uwanja inaruhusu mechi kuchezwa au la. Lakini tuwe wakweli. Refa wa kata, peke yake, saa 10 jioni, mashabiki wameshajaa na ng'ombe wa zawadi amefungwa kwenye mti, atathubutu kusema leo hakuna mechi? Hathubutu. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike siku moja kabla, refa akiwa na manahodha wawili na yule anayefyeka uwanja, kabla umati haujafika na kabla ng'ombe hajafungwa pale. Hili la ukaguzi halina gharama yoyote, na linafaa Mlola kama linavyofaa kila uwanja wa ndondo nchi hii.

Wakati naondoka kamati ilikuwa bado inajadiliana. Jamaa yangu alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nikamuuliza, wakiamua mechi iwepo Jumamosi utafanyaje? Akajibu bila kufikiri, "Kaka, wakinipanga naingia. We ungekataa?"

Nisingekataa. Mimi mwenyewe sikukataa, na ndiyo maana natembea nikilipendelea goti moja. Mchezaji hawezi kukataa mechi, kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine wa kukataa kwa niaba yake. Watu wa kamati, mtu huyo ni nyinyi. Mimi nitarudi huko baada ya wiki mbili, na msumari wangu ninao.