Dodoma ni katikati ya nani?



Kila Bunge la Bajeti linapokaa, wananchi husomewa fedha zilizotengwa kwa ajili ya mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma. Hutajwa majengo, barabara, taa na maji. Haitajwi gharama ya mwananchi anayezifuata ofisi huko zilikohamia. Kisiwa cha Pemba, chenye watu 543,441 kwa sensa ya 2022, kinaijua vizuri.

Mfano ni mstaafu wa Jeshi la Polisi anayeishi Konde, ambaye jalada lake limekwama wizarani. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo wizara yake iko Bara. Zamani alipanda gari hadi Mkoani, akavuka kwa boti hadi Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam. Akishashuka gatini, shida ya njia ilikuwa imekwisha: wizara nyingi zilikuwa Kivukoni, Magogoni na mitaa ya jirani, mwendo wa mguu tu. Siku hizi akifika Dar es Salaam ndiyo kwanza safari inaanza. Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, imepunguza sana adha ya barabara, na anayeibeza hajawahi kulala kwenye basi la Dodoma. Lakini nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu. Hapo hajalipa boti mbili, hajala, hajalala, wala hajafika Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya mji. Akiambiwa "njoo Jumatatu", na maofisini hilo huambiwa watu wengi, hesabu huongezeka.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, baada ya matawi ya TANU kuulizwa: 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. TANU kilikuwa chama cha Bara. Visiwani kulikuwa na ASP, na vyama hivyo viwili havikuungana hadi Februari 1977. Maana yake, katika kura hiyo Wete, Chake Chake na Mkoani hazikuwamo. Hoja kubwa ilikuwa kwamba makao makuu yawe katikati ya nchi ili kila raia ayafikie. Kwa mtu wa Kigoma au Mwanza hoja hiyo ina uzito. Ukiitandaza ramani pamoja na bahari yake, mtu wa Micheweni ana haki ya kuuliza: katikati ya nani?

Makisio ya wakati ule yalikuwa miaka 10 na shilingi zipatazo bilioni 3.7. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa, na wataalamu kutoka Toronto wakakamilisha mpango wa mji mwaka 1976. Miaka 10 ikapita, ikafuata mingine 30 na ushei. Vita vya Kagera na hali ngumu ya uchumi vilikula fedha, na hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni namna nchi ilivyozoea kulipa mara mbili: Bunge likawa Dodoma, wizara zikabaki Dar es Salaam, na kila kikao mawaziri, makatibu wakuu, madereva na majalada yao wakawa wanapanda na kushuka kwa mafuta na posho za Serikali. Hali ilibadilika Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa alitangulia Septemba mwaka huo. CDA ikavunjwa 2017, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa na Bunge 2018. Kurudi nyuma hakupo tena, na barua hii haiombi hilo.

Mtumishi wa umma anapohamishwa, kanuni zinampa nauli yake na ya familia, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Ni haki yake, apewe. Mwananchi aliyehamishiwa ofisi hana fungu hata moja, ingawa usumbufu ni ule ule na mfuko wake ni mdogo zaidi.

Dawa yenyewe haiko mbali. Wizara za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) zina Maofisa Wadhamini wao Pemba. Utaratibu huo una kasoro zake, maana Mpemba amezoea kujibiwa kuwa uamuzi unasubiriwa kutoka Unguja, lakini angalau kuna mlango wa kugonga. Wizara za Muungano nazo ziweke Chake Chake dawati la pamoja, lenye ofisa anayeweza kupokea shauri, kulifuatilia na kulitolea jibu la maandishi. Serikali tayari inatumia mfumo wa e-Ofisi kupeleka majalada kwa kompyuta. Ikiwa jalada linaweza kusafiri bila nauli, hakuna sababu ya kumtoa mzee Konde ili akalione kwa macho.

Kwa kuwa SMZ nayo ina mpango wa kujenga mji wake wa Serikali Kisakasaka, Unguja, ni vyema hesabu ya mwananchi ifanywe mapema safari hii: anayeshuka bandari ya Malindi na begi lake atafikaje huko, kwa gari gani, na ni huduma zipi zitabaki mjini au Pemba.

Wabunge wa Pemba hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni kila mwaka, na nauli yao hulipwa. Mkutano ujao wa bajeti, mmoja wao amuulize Waziri anayehusika na Muungano ni huduma ngapi za wizara za Muungano ambazo mtu wa Pemba anaweza kuzimaliza bila kuvuka bahari, kisha orodha hiyo ibandikwe Gombani, Wete na bandarini Mkoani.

Msomaji,
Wete, Pemba