Ushahidi wa Vigae

Msomaji kijana, watu wengi wakisikia habari za elimu ya mambo ya kale huwaza makaburi ya wafalme, kuta za ngome na magofu ya misikiti. Huku kwetu watataja Gedi, iliyoanza kuchimbuliwa mwaka 1948, na Fort Jesus ya Mombasa, kisha watanyamaza. Ukiwaambia kwamba mtaa wa vibarua na washonaji nao wastahili kuchimbuliwa kwa uangalifu uleule, watakucheka. Watakuuliza: Maskini aliacha nini ila taka? Jibu langu ni kwamba taka zile ni ushahidi, na azifukiaye bila ya kuzisoma humnyima maskini haki ya kusikiwa hata baada ya kufa.

Uchukue mfano wa Five Points, mtaa uliokuwa katika kisiwa cha Manhattan, mjini New York, Marekani. Ulijengwa katika karne ya 19 juu ya bwawa lililofukiwa. Ardhi ilikuwa na majimaji, na nyumba zikadidimia. Wenye uwezo wakahama, wasio na uwezo wakahamia: watu Weusi, ambao utumwa wao ulikomeshwa kabisa katika jimbo lile mwaka 1827, watu wa Ireland waliokimbia njaa, Wajerumani, Wayahudi na, baadaye, Waitalia. Waliishi kwa kushona nguo, kubeba mizigo, kufua na kuchuuza.

Waandishi wa zama zile waliuandika mtaa huo kwa wino wa dharau. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, aliuzuru akilindwa na askari polisi wawili, na katika kitabu chake American Notes cha mwaka 1842 akausawiri kama shimo la uchafu na uovu. Wengi walifuata nyayo zake. Walioandika walikuwa wageni, na walioandikwa hawakuulizwa neno. Mtu aingiaye nyumbani kwa mwenziwe kwa muda mfupi, tena na askari, ataona nini ila kile alichokuja kukitafuta?

Mashahidi wa upande wa pili walikawia kuitwa. Mwaka 1991 serikali kuu ya Marekani ilikusudia kujenga jumba la mahakama mahali pale. Sheria ya mwaka 1966 iliilazimisha kufikiri kwanza juu ya mambo ya kale yaliyomo ardhini. Basi wataalamu wakachimba mahali palipokuwa nyua za nyumba, wakafikia vyoo vya shimo na visima. Kabla ya mifereji ya maji machafu kufika, kila ua ulikuwa na choo chake. Choo kilipoachwa, watu walitupa humo vyombo vilivyovunjika, mifupa na chupa, tabaka juu ya tabaka. Chapa zilizo chini ya sahani zilieleza miaka, na madaftari ya hesabu ya watu yakaeleza ni nani aliyekaa katika nyumba ipi.

Vilitoka vitu 850,000 hivi. Zilikuwamo sahani na vikombe vya chai vilivyotengenezwa Uingereza. Pini, sindano na vifungo vya washonaji. Chupa za dawa. Gololi za watoto. Na mifupa ya nyama nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Kilikuwamo kikombe chenye picha ya Padri Theobald Mathew, aliyewahubiria watu wa Ireland waache ulevi. Mtaa ule ule uliotangazwa duniani kuwa makao ya walevi ulikuwa na watu walioweka mezani kikombe cha mwenye kukataza pombe!

Sisemi kwamba Five Points ilikuwa pepo. Msongamano ulikuwapo, maradhi yalikuwapo, na choo kimoja kilitoa dalili za nyumba ya ukahaba. Elimu ya kweli haimpambi maskini, wala haimpaki matope. Kazi yake ni kuutenga umaskini na uovu, mambo mawili ambayo wenye nafasi hupenda kuyafunga katika furushi moja.

Vitu hivyo viliwekwa katika mojawapo ya majengo ya World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001 majengo hayo yalishambuliwa na watu karibu 3,000 wakafa. Mbele ya msiba huo hakuna chombo kiwezacho kulinganishwa na roho ya mtu. Lakini ni kweli pia kwamba ushahidi wa Five Points uliangamia siku ile. Vilisalia vitu 18 tu, kwa sababu vilikuwa vimeazimwa kwa maonyesho. Heri wataalamu walikuwa wamekwisha kuandika taarifa zao. Mwaka uliofuata ikatoka sinema ya Gangs of New York, na ulimwengu ukatazama tena mtaa ule ukiwa uwanja wa visu na damu. Hadithi ya zamani haikosi mnunuzi. Kwa hiyo ushahidi hauna budi kulindwa.

Sasa tugeuke nyumbani. Mjini Nairobi, kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakahamishwa. Hakuna aliyepepeta udongo wake kabla ya kuujengea. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ingalipo, lakini majumba marefu yanaikaribia mitaa yote ya kale ya wafanyakazi. Tunayo sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006. Lakini sheria ni jembe, lisiposhikwa halilimi.

Wapo watakaosema: Watu wanataka nyumba, hawataki vigae. Neno hilo lina sura ya huruma, lakini halina hoja. Kule New York uchimbuzi ulifanyika na mahakama ikasimama. Kinachotakiwa ni muda kidogo kabla ya tingatinga kuingia. Wengine watasema kwamba ni aibu kuyafukua maisha ya dhiki. Aibu ni ya nani? Si ya mwanamke aliyelea watoto katika chumba kimoja kwa mshahara wa kibarua, akahifadhi kikombe kizuri kwa ajili ya mgeni.

Nawe, msomaji, unayo kazi. Usichimbe mwenyewe, kwani kitu kikitolewa bila ya kuandikwa kilitoka tabaka gani, hupoteza nusu ya maneno yake. Ukikiona kigae cha kale msingi unapochimbwa, wape habari watu wa makumbusho. Waulize wazee wa mtaa wako majina ya waliokaa humo, ukayaandike. Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika mitaa yetu haki hiyo imelala futi chache chini ya nyayo zetu, na tingatinga halimngojei mtu.