Si Wenye Nguvu Peke Yao



Wapendwa wanaparokia, juma hili nataka tulipime neno moja linalorudiwa mno hapa Tinde kila yanapotajwa mashindano, yawe ya kwaya, ya ngoma au ya mpira: "Chukueni wenye nguvu, wengine wakae pembeni." Husemwa kana kwamba ni hekima isiyohitaji ushahidi. Mimi nasema ni kosa. Tena ni kosa hata kwa mtu asiyejali kitu kingine chochote isipokuwa ushindi.

Nianze na vijana, maana katika jambo hili wanaweza kutufundisha. Mmewaona wakiinamia simu na kupambanisha mazimwi ya kubuni, na baadhi yenu mmewakaripia. Kabla ya kuwakaripia tena, waulizeni jinsi kikosi kinavyopangwa. Katika mchezo wa Pokémon, uliotoka Japani mwaka 1996, mchezaji huwa na kikosi cha viumbe sita. Kila kiumbe kina jamii yake: wa maji humshinda wa moto, wa moto humshinda wa majani, na wa majani humshinda wa maji. Hakuna asiye na wa kumweza. Kwa hiyo anayekusanya mabingwa sita wa jamii moja hukusanya pia udhaifu mmoja mara sita. Adui akiugundua, wote huanguka kwa pigo la namna moja.

Mwaka 2014, mjini Washington, kijana wa Korea Kusini aitwaye Sejun Park alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo. Kikosini mwake alikuwamo Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye wengi walimpuuza. Alikuwamo pia Gyarados, joka kubwa la majini ambalo pigo linaloliumiza kuliko yote ni la umeme. Kazi ya kindi ilikuwa kujitokeza mbele ili mapigo ya adui yamwelekee yeye. Na umeme ambao ungemwangusha mwenzake, kwake uligeuka kuwa lishe. Joka lilipata nafasi ya kupiga kwa sababu kindi alisimama. Niambieni basi, nani kati yao alikuwa mwenye nguvu?

Lakini hatuna haja ya kwenda Washington. Kwetu Usukumani elimu hii ni ya kale. Wagika na Wagalu, ambao mapokeo yanawataja waasisi wao kuwa Ngika na Gumha, hushindana kwa ngoma katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni umati: upande unaovuta watu wengi ndio mshindi. Wako wachezao na chatu, wako wachezao na nungunungu, wako warushao majembe katika bugobogobo. Padre David Clement, wa Wamisionari wa Afrika, hakuyadharau mashindano hayo, nayo yakapata makao katika Bulabo pale Bujora, sikukuu iliyofungamana na sherehe ya Ekaristi Takatifu.

Sasa fikirini. Chatu bila mpiga ngoma ni nyoka tu. Mchezaji hodari bila waitikiaji ni mtu mmoja anayerukaruka juani. Yule mzee asiyeweza tena kuruka huenda ndiye pekee anayejua wimbo wa kuijibu kejeli ya upande wa pili, na kejeli isiyojibiwa huondoka na watazamaji. Manju anayemwacha mzee huyo nyumbani ili apate nafasi ya kijana mmoja zaidi mwenye misuli amejipunguzia nguvu huku akidhani ameiongeza.

Mtaniambia: chanda chema huvikwa pete. Ni kweli, lakini ngoma hupigwa kwa mkono mzima. Wengine huona njia ya mkato ni kukodi mamluki kutoka mji mwingine. Kombe huja kwetu, mamluki hurudi kwao, na mwaka unaofuata tunaanza upya bila wimbo, bila mazoea, na bila wale vijana wetu tuliowaambia wakae pembeni. Msichana aliyeambiwa mara tatu kwamba sauti yake haitoshi hatungoji benchini. Huondoka, na mara nyingi haondoki kwenye kwaya peke yake.

Sisemi mvivu apewe nafasi, wala mtoto wa mwenyekiti wa kamati apangwe kwa ajili ya babaye. Asiyefika mazoezini amejiondoa mwenyewe. Gideoni naye alichagua: kutoka watu 32,000 alibaki na 300. Lakini hawakupimwa misuli. Walitazamwa jinsi walivyokunywa maji. Kuchagua ni lazima. Ninachokipinga ni kuchagua kwa kipimo kimoja.

Basi ninyi walimu wa kwaya, manju na makocha, kabla hamjalifuta jina la mtu jiulizeni swali hili: je, huyu anaziba pengo gani la wenzake? Jibu likiwapo, mchukueni, hata kama peke yake haonekani kitu. Jibu lisipokuwapo, mwacheni, hata kama ni bingwa wa kata nzima. Jifya moja haliinjiki chungu, hata likiwa kubwa kuliko mengine yote.