Skana Yako, Hatua Zao: Nani Alikupangia Masafa?

Haya wapenzi wa redio na kompyuta, leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya neno moja tu: HATUA.

Ukishika skana ya mkononi na kubonyeza kitufe cha kupandisha, masafa hayateremki kama maji, yanaruka. Yanaruka kwa 5 kHz, au 12.5, au 25, jinsi alivyoamua mtengenezaji. Na ukiandika namba isiyoangukia kwenye ngazi zake, skana nyingi hazikatai. Zinakubadilishia kimyakimya hadi namba iliyo karibu, kisha zinaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi riziki yangu ni kuandika programu. Programu inayobadilisha alichoandika mtumiaji bila kumwambia ni programu mbovu, hata kijitabu chake kikiiita sifa.

Chukua mfano wa nyumbani. Marekani stesheni za FM zimepangwa kwa hatua za 200 kHz, zote zikiishia kwa namba witiri: 98.3, 98.5. Hapa Nairobi Capital FM iko 98.4. Redio iliyofungwa kwa hatua za Kimarekani inaipita kama matatu iliyojaa!

Kwenye skana mambo ni yale yale. Redio ndogo za PMR446 za Ulaya huanzia 446.00625 MHz, kisha kila 12.5 kHz. Skana yenye hatua ya 12.5 inayohesabu kutoka 446.000 itatua 446.000, halafu 446.0125. Chaneli iko katikati kabisa, 6.25 kHz kila upande. Hatua ni sahihi, mahali pa kuanzia ndipo penye kasoro. Na ndege za Ulaya? Tangu 1999 walianza kugawa kila 25 kHz mara tatu ili kupata chaneli zaidi, ndiyo hiyo 8.33. Rubani akiambiwa 118.010, masafa halisi ni 118.00833. Skana ya 12.5 inakupeleka 118.0125, zaidi ya 4 kHz nje. Sauti inakuja imekwaruzika, au haiji.

Ufanyeje basi? Kwanza, badilisha hatua iwe 5 kHz kama skana inaruhusu. Hapo hutakosea kwa zaidi ya 2.5 kHz: kwa 118.00833 unakosea 1.67, kwa 446.00625 unakosea 1.25, na mara nyingi sauti inasikika vizuri. Pili, baadhi ya skana huhesabu hatua kutoka mwanzo wa utafutaji, kwa hivyo weka mwanzo wenyewe uwe 446.00625 uone kama itakubali. Tatu, ipo hatua ya 6.25? Itumie.

Lakini mbona tuzunguke mbuyu kwa kifaa tulichokinunua kwa pesa zetu?

Watengenezaji wana jibu, na nusu yake ni kweli. Saketi ya kawaida ya kuzalisha masafa huzidisha masafa madogo ya marejeo kwa namba kamili. Ukitaka hatua ndogo, marejeo nayo yawe madogo, na saketi huchelewa kutulia, kwa hivyo skana inapekua polepole. Sawa, nakubali. Basi weka 12.5 iwe chaguo la kuanzia, kisha niachie mimi niamue kama nina haraka! Redio nyingi za wasafiri tayari zinakuruhusu kuchagua 9 au 10 kHz kwenye masafa ya kati, kwa sababu Amerika wanatumia 10 na sisi huku 9. Kama redio ya msafiri inaweza, skana ya bei mara kadhaa inashindwa nini?

Tena ushahidi upo tangu 2012, wadadisi walipogundua kuwa vifaa vidogo vya USB vya kutazamia TV ya dijitali, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kuipa kompyuta mawimbi ghafi. Unapokea kipande cha zaidi ya 2 MHz kwa mkupuo, kisha programu inachagua chaneli ndani yake kwa hesabu tu. Hakuna ngazi za kulazimishwa. Kifaa cha bei nafuu kinakupa uhuru ambao skana ya bei ghali inakunyima.

Ombi langu ni dogo. Andikeni hatua zote kwenye boksi, si ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Namba ikikaribishwa, skrini iseme. Na mtumiaji aweze kuweka hatua na mwanzo wake mwenyewe.

Na wewe kijana unayetaka kujifunza redio, jua sheria kwanza: si kila kinachosikika ni chako kusikiliza. Ila hilo liamuliwe na sheria na dhamiri yako, si na namba aliyoifungia mtu kiwandani.

Haya, kwaherini kwa leo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: hatua zake ni ngapi? Akikodoa macho, rudisha pesa mfukoni.