Akiba Inayooza Jaani

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Lau wangeshuka leo kutoka vilima vya Chawia hadi masoko ya Mwatate na Voi jua linapotua, huenda wangeifikiria upya kauli hiyo. Kabichi zilizonyauka, nyanya zilizopondeka na ndizi zilizoiva kupita kiasi huishia jaani, na mkulima aliyezilimia mteremkoni na kulipa nauli ya kuziteremsha huambulia patupu. Zikifukiwa rundoni pasipo hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayochangia ongezeko la joto duniani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 chakula kilichotupwa na kaya, maduka na mikahawa ulimwenguni kilifikia tani bilioni 1.05. Msiba huu, basi, si wa Voi pekee.

Jawabu mojawapo limo tumboni mwa ng'ombe. Tumbo la kwanza la mnyama anayecheua ni mfano wa pipa la kuchachushia, lenye joto la nyuzi 39 hivi za Selsiasi na lisilo na oksijeni. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huvunjavunja majani magumu ambayo binadamu hawezi kuyameng'enya, vikazalisha asidi ya siki, asidi ya propioniki na asidi ya butiriki. Asidi hizo ndizo zinazompa ng'ombe sehemu kubwa ya nguvu zake. Watafiti wameonyesha kwamba vijidudu hivyo, vikitolewa tumboni mwa mnyama aliyechinjwa na kutiwa katika pipa lililofungwa, huendelea na kazi yao juu ya mabaki ya chakula. Siri ni kuikatiza safari kabla ya kituo cha mwisho: asidi zikiachwa kwa muda mrefu, vijidudu vya kundi jingine huzigeuza kuwa methani, vikizuiwa, asidi husalia. Asidi ya siki ni malighafi ya gundi na rangi. Ya propioniki huzuia ukungu katika lishe ya mifugo. Aidha, kuna bakteria ambao wakilishwa asidi hizo hutengeneza plastiki inayooza. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 haifai kulipuuza jambo hili.

Kinachoshangaza ni kwamba taka zote mbili zinazohitajika ziko mikononi mwa mlezi mmoja. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti majaa ya taka pamoja na machinjio ya kaunti. Hata hivyo, kinachotolewa tumboni mwa mnyama machinjioni huhesabiwa kuwa uchafu, na kinachobaki sokoni vivyo hivyo. Uchafu huu haujawahi kutambulishwa kwa uchafu ule. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo iliagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kilichosalia ni vitendo.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Asidi hizo hupatikana zikiwa zimechanganyika na maji mengi, na kuzitenganisha ni kazi ghali. Pia, chakula kinachofaa kuliwa sharti kimfikie mwenye njaa kwanza, kisha mifugo, ndipo pipa lipewe zamu yake. Lakini ugharama si sababu ya kutojaribu. Ni sababu ya kuanza kwa kiasi kidogo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko Ngerenyi, vilimani humo humo. Pipa moja la majaribio, taka za soko moja na matumbo ya machinjio moja vingetosha kuonyesha kama hesabu inalipa, huku makapi yakirudi shambani Chawia kuwa mboji.

Wala elimu hii isidhaniwe kuwa ngeni. Wataita wamechachusha mbangara tangu jadi, na mchungaji wa tambarare za Voi analijua neno kucheua kabla hajaingia darasani. Mtaalamu akimweleza mkulima kwa maneno hayo, ataeleweka. Akiba haiozi, ila ile ambayo mwenyewe hajui kuwa ni akiba.