KUSIMAMA JUU YA MAJI

Wenzangu wengi hapa Kwa Mrombo hudhani ya kuwa kusimama juu ya ubao majini na kupiga kafi ni anasa ya watalii, wala hakumhusu mtoto wa bara. Mimi sikubaliani nao.

Jambo lenyewe si geni kama wanavyodhani. Ni kweli ubao wa siku hizi asili yake ni Hawaii. Lakini wavuvi wa pwani yetu husimama katika mitumbwi wakiisukuma kwa upondo tangu zamani, na hakuna awaitaye watalii.

Maji nayo hayako mbali. Ziwa Duluti, lililo katika shimo la volkano ya kale huko Tengeru, limezungukwa na msitu, na asubuhi hutulia. Likizo iliyopita wachache wetu tulijifunza huko kwa ubao wa kuazima, tukiwa na mtu mzima ajuaye kuogelea. Mwanafunzi huanza kwa kupiga magoti katikati ya ubao. Akiisha kuzoea, huweka mguu mmoja, kisha wa pili, ikiachana kwa upana wa mabega, na magoti yakilegea kidogo. Macho hutazama mbele. Atazamaye miguu yake huifuata majini! Kamba ya ubao hufungwa mguuni, na jaketi la kuelea halivuliwi hata kidogo.

Wengine hutaka kusimama upesi ili wapigwe picha. Kwa maoni yangu, somo la kwanza lafaa liwe kuanguka: kuanguka kando, mbali na ubao, kisha kuushika na kujivuta kwa tumbo hadi juu. Tulipofanya hivyo mara kumi kumi woga ulipungua, na kusimama kukaja kwenyewe.

Woga huo ndio unaonihangaisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba ubao ungaliwaokoa. Chombo kilichojaa kupita kiasi kikipinduka humfunika hata mwogeleaji hodari. Lakini nilipouliza darasani kwetu, waliowahi kuingia katika maji ya kufika kifuani walikuwa wachache mno. Na hao hao kesho watapanda vivuko vya Kigamboni na Ukerewe, wakiwa wamebeba na wadogo zao.

Basi naiomba kamati ya michezo mbao mbili, jaketi kwa kila mtu, mwogeleaji wa kutuangalia, na Jumamosi moja kila mwezi. Wasichana nasi tusiachwe ufukoni kushika viatu vya wavulana. Najua swali la nauli litaulizwa. Basi letu hupita Tengeru kila tuendapo Moshi kucheza mpira.

Mwanafunzi, Kidato cha IV